Mbia wa Wakati wa Balaa

Jumamosi iliyopita tulimwacha Tekla kwenye duka la steshenari pale Tegeta, amekaa mbele ya dada wa kompyuta, na swali moja limening'inia hewani.

"Biashara ni yako peke yako, mama, au mko wawili?"

Walikuwa wawili. Kama hukusoma wiki ile, lishike hilo kwanza. Unga wa lishe uliokuwa ukisagwa uani kwa Tekla, mtaa wa Wazo, ulikuwa wa Tekla na Mauwa. Mauwa ndiye aliyeujua mchanganyiko, kafundishwa na mama yake huko Nachingwea: mahindi kiasi gani, ulezi kiasi gani, soya, karanga. Mauwa ndiye aliyeuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe kule Kimbiji, mashine ya kusaga ikanunuliwa. Tekla, aliyekuwa karani wa shule, alitoa banda la uani na kichwa chake cha makaratasi. Miaka mitatu waligawana faida nusu kwa nusu kila mwisho wa mwezi, bila kuandikiana hata mstari mmoja.

Na siku hiyo ya steshenari, Mauwa alikuwa Nachingwea anamzika huyo mama aliyemfundisha.

Dada wa kompyuta aliona Tekla anasita, akadhani hajaelewa. Akamwelezea vizuri tu.

"Njia ziko tatu, mama. Kampuni ina mlolongo: katiba, wakurugenzi, hesabu za kila mwaka. Ubia ni rahisi kidogo, ila mwenzako lazima awepo na namba ya kitambulisho chake cha NIDA, na asaini. Jina la biashara la mtu mmoja ndiyo fasta. Wiki hii hii unalo."

"Hilo la mtu mmoja," Tekla akasema. "Niko peke yangu."

Akalipia, akatoka nje, akanunua soda ya baridi. Akainywa yote amesimama.

*

Mauwa alirudi baada ya arobaini ya mama yake. Alishuka stendi ya Mbezi Luis asubuhi, akafika Wazo saa nne, kajitanda kanga nyeusi, kabeba nusu gunia la karanga.

"Za shambani kwa mama, dada Tekla," akasema. "Za mwisho alizolima mwenyewe. Nimezichambua huko huko, moja moja. Hakuna hata iliyosinyaa."

Tekla akaziangalia. Zilikuwa safi kweli, nyekundu, kavu, zinalia mkononi.

"Weka kwenye mizani," akamwambia. "Nikupimie, nikulipe kama wauzaji wengine."

Mauwa akacheka, akidhani ni utani. Halafu akaona ukutani, juu ya mizani, cheti kipya kwenye fremu. Akasogea. Mauwa aliishia darasa la saba lakini kusoma anajua, tena polepole, kwa kidole.

Kidole kikafika kwenye mmiliki. Kikasimama.

"Mie niko wapi hapa?"

"Ulikuwa msibani. Supamaketi walitaka cheti ndani ya wiki moja. Ningefanyaje?"

"Ungenipigia simu."

"Kwenye matanga, Mauwa? Nikupigie kwenye matanga nikuulize habari za vyeti?"

Mauwa akakitazama tena cheti. Alikuwa mtu wa kukubali haraka, na hapo alikuwa ameshaanza kukubali.

"Haya. Si tunaongeza tu jina langu sasa?"

Hapa ndipo Tekla angeweza kurudi nyuma. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema ndiyo, wangepanda pamoja hadi Tegeta mchana ule ule, na hadithi hii ingeishia hapa.

"Nimefikiria sana," akasema. "Biashara haiwezi kuwa na vichwa viwili. Nitakuwa nakulipa mshahara. Mzuri tu."

"Mshahara?"

"Kila mwezi, uhakika. Biashara ikifa mie ndiye nitakayelia, wewe hasara haikuhusu."

"Dada Tekla. Na kiwanja changu?"

"Kiwanja gani?"

"Cha Kimbiji. Nilichouza tukanunua hii mashine."

Tekla akaweka mikono kiunoni. Alilipanga swali hili kitandani kwa mwezi mzima, na sasa lilitoka laini, kama mtu anayeuliza saa.

"Una karatasi?"

Mauwa akamtazama. Hakulia, hakutukana. Akafunga gunia lake la karanga kwa kamba, akalibeba kichwani, akatoka. Getini akageuka.

"Mama alikuwa anakuombeaga dua, dada Tekla. Kila Ijumaa. Wewe na watoto wako."

Wiki hiyo akahama chumba alichopanga Wazo, akavuka jiji zima, akarudi Chamazi kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mumewe. Hicho ndicho kitu pekee kilichobaki cha kwake duniani.

Nanyi mnaotaka kujua kama Tekla alijuta, nawaambia alivyokuwa: alijisikia mwepesi. Mwezi ule faida yote ikaingia mfuko mmoja. Akabadilisha mapazia.

*

Kuacha kuchambua karanga ndiko kulikomponza Tekla. Mauwa alikuwaga anazimwaga kwenye ungo, anakaa nazo kutwa, anatoa kila iliyooza, iliyosinyaa, yenye ukungu. Tekla aliona ni kupoteza muda. Supamaketi wanataka mifuko mia nne, wewe umekaa na ungo?

Masika ikaja na nguvu. Karanga zikapanda bei. Kuna mfanyabiashara akamletea magunia sita kwa bei ya kutupa.

"Zimeloa kidogo, mama," yule mtu alisema, mkweli kuliko Tekla. "Ungezianika kwanza."

"Jua liko wapi?" Tekla akajibu. "Mwaga kwenye mashine."

Zilinukia vumbi la ghala. Tekla akaongeza soya kidogo, harufu ikapotea. Mifuko ikafungwa, ikapakiwa, ikaenda. Mingine ilikwenda supamaketi, mingine madukani hadi Mbagala na kwingineko. Kumi ikaenda kwenye kituo cha kulea watoto cha Madam Gladness, hapo hapo Wazo, wanakokunywa uji kila saa nne.

Siku ya tisa simu ikalia.

"Mama Tekla, huu unga wako una nini?" Ni Gladness, na sauti yake imekauka. "Watoto saba wanatapika. Wawili macho yamekuwa ya njano."

"Labda maji yenu, Madam."

"Maji tunachemsha."

"Basi watoto wameambukizana. Mafua ya tumbo hayo."

Gladness akakata simu.

Siku ya kumi na mbili mtoto mmoja akafa. Alikuwa na miaka mitatu, binti wa fundi seremala mmoja aitwaye Leonardi. Mwanaume huyu hakuja na panga wala na watu. Alikuja peke yake, asubuhi, kavaa shati la kanisani. Akasimama mbele ya mizani, akatoa kwenye mfuko wa rambo pakiti ya unga iliyokunjwa mdomo, akaiweka mezani.

"Mke wangu alinunua na wa nyumbani," akasema. "Mtoto aliupenda. Huu hakuumaliza."

"Baba, pole. Pole sana. Lakini haijathibitishwa kuwa..."

"Nimekurudishia wa kwako."

Akaondoka. Tekla akabaki na ile pakiti. Alitaka kuitupa, akakumbuka kuwa ni ushahidi, akaificha chini ya kaunta. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofikiria. Pole yenyewe ilimjia baadaye, tena kidogo.

Saa saba mchana maofisa wa afya wakafika, wakachota unga, wakachota karanga, wakafunga banda kwa kufuli lao; mifuko iliyokwisha kufika maduka ya mbali hakuna aliyeifuata bado. Majibu yakatoka: sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, mara nyingi zaidi ya kiwango. Na wazazi wa wale saba wakaungana, wakatafuta mwanasheria.

Mumewe Tekla, Apolinari, mwalimu wa sekondari, alisoma barua ya madai akiwa amesimama, akairudia amekaa.

"Nyumba hii imeandikwa jina la nani?" akauliza, japo alijua.

"La kwangu. Si tuliinunua kwa mafao yangu?"

Apolinari akavua miwani.

"Nenda kamwone wakili. Leo. Na mie usinitaje popote. Kwenye cheti chako si uliandika uko peke yako?"

*

Wakili Kasiani alikuwa mzee mwembamba, ofisi yake ghorofani juu ya duka la vipuri, Tegeta. Akaipokea shikamoo ya Tekla, akasoma cheti, akasoma barua, akavirudisha mezani kimoja juu ya kingine.

"Mama, nani alikushauri jina la biashara?"

"Niliambiwa ndiyo rahisi."

"Ni rahisi kuingia. Sikiliza. Kampuni mbele ya sheria ni mtu mwingine. Ikidaiwa, inadaiwa yenyewe, na mara nyingi nyumba yako iko salama, ukiacha lile la kesi ya jinai. Lakini jina la biashara si mtu. Ni wewe umevaa kofia. Wakiishtaki biashara, wamekushtaki wewe. Fidia ikizidi mashine, watakuja kwenye gari. Ikizidi gari, watakuja kwenye nyumba."

"Yote?"

"Yote. Faida si ulikuwa unachukua yote?"

Nje, magari ya saruji yalikuwa yanapita, madirisha yanatetemeka.

"Hakuna njia, mzee?"

"Ungekuwa na mbia, mngebeba wote. Kwenye ubia kila mmoja anawajibika kwa madeni ya biashara, hata kwa mali yake ya nyumbani. Lakini wewe huna mbia."

Tekla akakivuta cheti upande wake.

"Na kama nilikuwa naye?"

Wakili akainua macho.

"Yupo mwanamke mmoja," Tekla akasema. "Alitoa hela ya mashine. Tuligawana faida nusu kwa nusu miaka mitatu."

"Kwenye cheti hayupo."

"Hayupo."

"Ubia wakati mwingine hauhitaji cheti, mama. Mahakama inaweza kutazama mwenendo. Mlichangia mtaji, mkagawana faida, mkafanya kazi pamoja: ukiweza kuthibitisha, anaweza kuhesabiwa mbia. Ila lazima awe alikuwa mbia wakati karanga zile zinasagwa. Alikuwepo?"

Tekla akaangalia mikono yake.

"Ana mali?" wakili akauliza.

"Ana nyumba Chamazi."

"Mna maandishi yoyote?"

"Bado," Tekla akasema.

Wakili Kasiani akavua kofia ya kalamu, akaivisha tena. "Hilo neno mie sijalisikia," akasema. "Na nakuonya: ukileta mahakamani karatasi ya kutengeneza, ni jela. Nenda kapumzike."

Tekla hakwenda kupumzika. Aliteremka ngazi, akavuka barabara, akaingia steshenari ile ile, kwa dada yule yule.

"Nataka makubaliano ya ubia," akasema. "Ya watu wawili. Tarehe weka mbili Januari."

"Januari ya mwaka huu, mama? Si imeshapita?"

"Andika, mdogo wangu. Nakulipa."

*

Kutoka Wazo mpaka Chamazi ni kulivuka jiji lote, na njia nzima Tekla alijifunza maneno. Habari za mtoto wa Leonardi zilikuwa na siku kumi tu. Wazo walizijua wote, huku Chamazi hakuna aliyemjua Leonardi wala Gladness. Hilo ndilo aliloliombea.

Mauwa alimwona kutoka mbali, akaacha ndoo ya maji katikati ya uwanja, akaja mbio. Hakumkumbatia. Alisimama hatua mbili mbele yake, mikono imelowa.

"Dada Tekla?"

Na Tekla akapiga magoti. Kwenye vumbi, na sketi yake ya ofisini.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikudhulumu, mdogo wangu. Shetani tu. Tangu uondoke sina amani."

Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka vizuri. Mauwa akamwinua kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Inuka, dada, watu wanaona. Yameisha. Mie nilijua. Nilimwambia hata jirani yangu, yule dada si mbaya, amepitiwa tu."

Akamwingiza ndani, akampangusia kiti kwa kanga yake. Tekla hakusubiri hata maji ya kunywa. Akatoa karatasi.

"Nimekuja na ushahidi, usije ukasema nakudanganya tena. Soma. Nusu kwa nusu. Jina lako hilo hapo."

Mauwa akaweka kidole, akasoma polepole. Midomo inacheza. Alipofika kwenye jina lake akalirudia mara mbili.

"Mbona tarehe ni Januari?"

"Nataka haki yako ianzie mwanzo wa mwaka. Ile miezi niliyokula peke yangu, nayo ni yako."

"Jamani, dada Tekla." Mauwa akaficha uso kwenye kanga. "Hata hiyo?"

"Hata hiyo. Weka sahihi."

Mauwa akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama mtoto kwenye ubao. Akapuliza wino ukauke. Tekla akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu simu ya Gladness. Nyumba nusu imepona, aliwaza. Mauwa ana vyumba viwili tu, lakini ni vyake, vina hati.

Akainuka aage.

"Unakwenda wapi? Hujala!"

"Apolinari ananisubiri."

"Basi ngoja umsalimie Somoe. Anakuulizaga kila siku, mama Tekla yuko wapi." Mauwa akashusha sauti. "Yuko ndani, kalala. Ana siku tatu hajisikii vizuri. Anatapika. Zahanati wamempa dawa ya minyoo."

Somoe ni binti yake, wa pekee, miaka mitatu na nusu. Amezaliwa mwaka ule ule mashine iliponunuliwa. Amejifunzia kutembea katikati ya magunia ya Tekla.

"Anatapika?" Tekla akauliza.

"Kila akila. Kitu anachokubali ni uji tu. Na macho yamepauka, yana unjano unjano, sijui ni nini." Akacheka kwa aibu kidogo. "Utanicheka, dada. Hata ulivyonifukuza, mie siwezi kununua unga mwingine. Duka la hapo kona wanao wetu. Nikiuona ule mfuko naona kazi ya mama. Nampa asubuhi na jioni."

Akaingia jikoni. Akatoka na kikombe cha plastiki cha kijani kinachofuka moshi, anakipuliza, anaelekea mlango wa chumba.

Tekla akabaki amesimama, mkoba mkononi. Akisema, Mauwa atajua kila kitu: unga, mtoto wa Leonardi, karatasi. Asiposema, ni kikombe kimoja tu. Kimoja tu, kisha aondoke, ampigie simu akiwa njiani, amtungie sababu.

Mauwa akalikamata pazia.

"Mauwa," Tekla akasema. "Huo uji umeungua."

"Umeungua?" Mauwa akanusa. Akachovya kidole, akaonja. "Wala. Mtamu." Akasukuma pazia. "Somoe, amka mama. Mgeni wako kaja."

Kitandani mtoto akafumbua macho. Hata kutoka mlangoni, Tekla aliona: meupe hayakuwa meupe. Mtoto akamwona naye, akatabasamu, akanyoosha mikono miwili kupokea kikombe.

Tekla hakujua miguu imemfikishaje. Alijikuta ndani, na kikombe kimepigwa, uji umetapakaa kwenye shuka, kwenye ukuta, kwenye mkono wa Mauwa ulioungua. Mtoto akaanza kulia.

"Usimpe!" Tekla alikuwa anapiga kelele. "Usimpe tena, Mauwa! Mpeleke hospitali, hospitali kubwa, sasa hivi!"

Mauwa hakupiga kelele. Alimtazama mtoto. Akautazama uji unavyoteremka ukutani. Akamtazama Tekla, sketi yenye vumbi la magoti, halafu mkoba aliouminya kwapani.

Mtu anayesoma kwa kidole husoma polepole, lakini hufika.

"Januari," Mauwa akasema.

Akambeba Somoe begani, akamfunga kanga. Kisha akasimama katikati ya mlango, mwembamba, mkono umevimba, akanyoosha ule mwingine.

"Kabla hujapita hapa, dada Tekla. Nipe ile karatasi."

Mtoto akatapika begani kwa mama yake. Tekla akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili.